Diski Mbili za Kianyaga na Kumbukumbu Zetu za Pwani

Nilikwenda Kianyaga kumwona mtoto wa dada yangu, kijana wa Kisauni aliyeoa huko na kupata kazi ya kutunza kompyuta katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Nilipanda treni ya usiku Mombasa hadi Nairobi, nikashika matatu asubuhi, tukapita Thika, tukakata mashamba ya mpunga ya Mwea, tukafika Kutus na kupanda milima ya Gichugu. Kwa sisi tuliozoea joto, baridi ya Kianyaga saa tatu asubuhi si mchezo. Nilivaa koti na kikoi juu yake, wenyeji wakanicheka.

Ulikuwa msimu mkubwa wa kuchuma. Wakulima walileta kahawa mbivu kwa magunia na mikokoteni, karani akapima, mashine ikatoa risiti yenye jina, nambari ya mwanachama na kilo. Kila risiti iliandikwa pia kwenye seva iliyo katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Kilo hizo ndizo zitakazolipwa miezi kadhaa baadaye, kahawa ikishauzwa. Kumbukumbu ile ikipotea, mkulima anabaki na karatasi ambayo wino wake hufifia, na chama kinabaki na ugomvi.

Mpwa wangu akaniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mjomba, diski moja ya seva imekufa usiku wa jana."

Nikashtuka. Nikatazama mlangoni, mizani inaendelea, risiti zinatoka, hakuna aliyepandisha sauti. Nikamuuliza mbona kazi haijasimama. Akanipeleka nyuma kunionyesha, na hayo niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa yanatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Seva ile ilikuwa na diski mbili za terabaiti mbili kila moja, na zote mbili zilikuwa na maandishi yaleyale. Kila karani anapoandika kilo, programu huandika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mafundi huita mpango huu RAID ya kwanza, au diski za kioo, kwa sababu moja ni sura ya nyingine. Wazo la RAID lilipewa jina hilo mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Leo halihitaji mashine ya bei kubwa. Mpwa wangu alitumia Linux na programu ya bure iitwayo mdadm. Gharama ya ziada ilikuwa ile diski ya pili, maana ukinunua diski mbili za terabaiti mbili unapata nafasi ya terabaiti mbili tu. Nusu ya fedha yako inakaa pale ikisubiri siku ya balaa.

Nilimwona akiibadilisha. Kwanza aliiambia programu kwamba diski ile ni mbovu na iondolewe kwenye jozi. Kisha akasoma nambari ya diski iliyobandikwa kwa karatasi na gundi, akailinganisha mara mbili na ile iliyoandikwa kwenye skrini. Nikamuuliza mbona anasitasita. Akasema, "Mjomba, hapa ndipo watu hujimaliza. Diski mbovu na diski nzima zinafanana. Ukichomoa nzima, umeua zote." Akaweka diski mpya, akaigawa sawasawa na mwenzake, akaiunga kwenye jozi, nayo ikaanza kunakili kila kitu kutoka kwa ile iliyobaki. Ilichukua karibu saa nne. Katika saa hizo nne chama kizima kilikuwa kikitegemea diski moja, na kijana yule hakutoka kwenda kula.

Alinieleza mambo mengine ambayo wengi hufunga kioo wakayasahau. Diski mbili hazikununuliwa duka moja siku moja, kwa kuwa zilizotoka kiwandani pamoja zikafanya kazi sawa huweza kufa karibu pamoja. Programu ya kuwashia mashine imewekwa kwenye diski zote mbili. Ikiwekwa kwenye moja tu, siku hiyo moja ikifa data ipo salama lakini seva haiwaki. Kuna betri ya kushikilia umeme, na sote tunakumbuka tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani. Na kubwa zaidi, seva humtumia ujumbe diski inapokufa. Bila ujumbe huo, diski moja hufa kimya, kazi inaendelea kwa miezi, kila mtu anajisifu kwamba ana kioo, mpaka ya pili nayo ifuate.

Nikamwambia, basi nyinyi mko salama. Akacheka.

Mwaka uliotangulia, alisema, karani mmoja alikosea akafuta mapokezi ya wiki nzima. Diski zote mbili zilitii mara moja. Kioo hakina akili ya kukataa: ukifuta, kinafuta; ukiandika uongo, kinaandika uongo mara mbili. Kilichowaokoa ni nakala nyingine, yenye tarehe, iliyochukuliwa kila jioni na kuhifadhiwa nje ya jengo lile. Walirudisha ya usiku uliotangulia, wakaingiza risiti za siku moja kwa mkono, na wakulima hawakujua kilichotokea.

Kwa hivyo ni mambo mawili tofauti, na viongozi wetu huyachanganya wanaposimama kwenye jukwaa kutuambia kwamba mfumo uko salama. Kioo kinalinda kazi isisimame diski inapokufa. Nakala ya nje yenye tarehe inalinda dhidi ya moto, mwizi, radi, kosa la karani na hila ya karani. Huwezi kuwa na kimoja ukajidai una vyote. Mafundi wana kanuni nyepesi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya vyama vya vijijini. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, alifuta data ya seva kuu kwa bahati mbaya. Walipozikimbilia nakala zao wakakuta njia kadhaa hazikuwa zikifanya kazi na hakuna aliyekuwa amegundua. Walipoteza saa sita za data. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa katika eneo lilelile waliondoka mikono mitupu. Mwezi wa Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kilishika moto, na hazina ya mafaili ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858 ikapotea kwa sababu haikuwa na nakala ya nje. Korea Kusini ni nchi inayotengeneza diski na kuziuza dunia nzima. Ikiwa wao yamewafika, sisi ni nani?

Sasa turudi nyumbani. Kwetu Pwani kumbukumbu ni suala la kuwa na mahali au kutokuwa nako. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa mwambao, ikataka kila anayedai shamba alete madai yake yaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Uingereza. Waliojua na waliofika waliandikwa. Wengi hawakujua, na vizazi vyao leo huitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kwa hiyo mtu wa Pwani akisikia neno daftari, halichukulii mzaha.

Mimi mwenyewe nina langu. Baba yangu alipofariki tulikwenda katika ofisi moja ya serikali kufuata faili la shamba lake. Tuliambiwa halionekani. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, karani yuko likizo. Huu mwaka wa tatu. Karatasi tuliyo nayo nyumbani ni fotokopi, na kila tukienda tunaambiwa fotokopi si kitu bila faili la ofisini. Faili lilikuwa moja, nakala ya pili haikuwepo popote. Nikiwa nimesimama katika chumba kile cha Kianyaga, niliona kwamba wakulima wa kahawa wamezilinda kilo zao kuliko nchi ilivyolilinda shamba la baba yangu.

Serikali imeahidi dawa, nayo ni dijitali. Mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 kuanzia Nairobi, na nia ni kufikia kaunti zote. Mambo ya afya yana Sheria ya Afya Dijitali ya 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tumo katika bima mpya ya afya ya jamii inayotegemea mfumo wa kompyuta hata kumpokea mgonjwa. Siipingi safari hii. Panya hali seva, na faili la kompyuta haliwekwi chini ya meza likasahaulika.

Lakini swali ninalouliza ni lile nililojifunza Kianyaga: kioo kitatulinda na nini? Hofu kubwa ya mtu wa Pwani si diski kufa. Ni jina lake kubadilishwa. Karani mwenye ruhusa akibadilisha mwenye shamba saa tano asubuhi, diski zote mbili zitakubali, na wizi huo utahifadhiwa kwa uaminifu mkubwa. Kinachoweza kuufichua ni nakala ya jana iliyo mikononi mwa ofisi nyingine, pamoja na orodha ya nani aliingia, lini, na alibadilisha nini, orodha ambayo karani huyo hana uwezo wa kuifuta.

Tuliliona jambo hili mwaka 2017. Mahakama ya Juu iliamuru Tume ya Uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyozingatiwa matokeo ya urais yalipofutwa tarehe 1 Septemba. Wakati ule neno seva liliingia hadi kwenye baraza za kahawa za Mji wa Kale. Hakuna aliyeuliza kama diski zilikuwa mbili au kumi. Watu walitaka kujua kilichoandikwa, na nani aliyekiandika. Mwaka 2027 tutapiga kura tena, na swali ni lilelile.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mawingu, hakuna haja ya diski. Mawingu ni diski za mtu mwingine, katika jengo la mtu mwingine, kama wateja wa Strasbourg walivyojua. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, hata sisi Mombasa ambako nyaya zenyewe hutia nanga. Mawingu yafaa kuwa nakala ya tatu. Yasiwe ya kwanza na ya mwisho.

Tena tukumbuke mazingira yetu. Kianyaga baridi ya mlima huipoza mashine bure. Kwetu kuna joto, unyevu na hewa ya chumvi inayokula chuma. Seva iliyofungiwa chumba kisicho na kiyoyozi Malindi au Lamu haina maisha marefu, na bajeti isiyoweka fedha za diski ya akiba, betri na ubaridi ni bajeti ya kupoteza kumbukumbu.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu aweze kuzirudisha kwa wakati ajali ya kimwili au ya kiufundi inapotokea. Na Katiba ya 2010 imetupa nafasi ya kushiriki bajeti za kaunti zinapojadiliwa. Tukienda kwenye vikao hivyo huwa tunauliza barabara, maji na basari, na ni haki yetu. Naomba safari ijayo tuongeze maswali manne, yasiyohitaji mtu awe fundi.

Diski ikifa usiku huu, nani atapata ujumbe? Nakala ya nje iko jengo gani, na ni ya tarehe ngapi? Mara ya mwisho mmejaribu kuirudisha lini, mkaona kwamba inafunguka? Na nani anayeweza kufuta au kubadilisha jina, na ni ofisi gani nyingine inayomwona akifanya hivyo?

Afisa atakayejibu yote manne, tumshukuru. Atakayesema mfumo uko salama, tumwulize tena. Kijana mmoja katika chumba cha nyuma kule Kianyaga aliyajibu yote bila kutazama karatasi, na anachokilinda ni kilo za kahawa. Wanaolinda hati zetu, vyeti vyetu vya kuzaliwa na kura zetu hawana udhuru.

Kuhusu faili la baba, wiki ijayo nakwenda tena. Safari hii nimetengeneza nakala tatu za ile fotokopi, moja nimempa dada yangu Kilifi, moja iko kwenye simu, na moja nitaifunga mfukoni.