KONA YA JIKONI: Funga Isiyo na Daku

Tukiwatembelea jamaa zetu hapa Uingereza kujuliana hali, kuna neno tumelisikia katika nyumba zaidi ya moja. Sinia huwekwa, watoto wakala, mama mwenyewe akawa pembeni. Akikaribishwa hujibu: "Nimefunga." Sunna ya Jumatatu na Alkhamisi twaijua, na Mwenyezi Mungu awatakabalie wanaoifunga. Lakini Jumanne? Na Jumatano vile vile?

Hatusemi haya kumvunjia mtu sitara yake. Twasema kwa sababu hesabu yenyewe haimwachii njia. Mwezi wa Machi 2023 vyakula nchini humu vilikuwa ghali kwa takriban asilimia 19 kuliko mwaka mmoja nyuma, kiasi kisichoonekana tangu miaka ya 1970. Na huo ni wastani tu. Idara ya takwimu ilipovipima vile vya bei ya chini kabisa madukani, iliona kwamba katika mwaka ulioishia Septemba 2022 mafuta ya kupikia yalipanda kwa asilimia 65, tambi 60 na chai 46. Mwenye nafasi, bei ikimshinda, hushukia bidhaa ya rahisi zaidi. Aliyekwisha kuwa chini atashukia wapi? Baadaye kasi ya kupanda ilipungua, lakini bei hazikurudi zilikotoka, na huko Mombasa na Unguja bado wanangojea fedha za mwezi.

Zipo haki tunazoziacha kwa haya au kwa kutojua. Kadi ya Healthy Start ni ya mama mjamzito na watoto wasiotimiza miaka 4, katika nyumba zinazopokea baadhi ya misaada ya kipato kidogo. Hununua maziwa, matunda, mboga, dengu na maharage. Haiji yenyewe, sharti iombwe. Katika shule za England, tangu mwaka 2022, chakula cha bure kimekuwa wazi kwa kudumu, kwa masharti ya kipato, hata kwa watoto ambao wazazi wao viza zao zinawakataza misaada ya umma. Ghala nyingi za chakula hutaka hati kutoka kwa daktari, shule au washauri wa raia. Wengine hawaendi wakihofia nyama isiyo halali. Dengu na samaki wa mkebe hawana shaka, na mtu ana haki ya kueleza asichokila.

Nasi akina baba tumo katika habari hii. Turudipo kazini usiku twaikuta sahani yetu imefunikwa, twala, wala hatuulizi ya mpishi iko wapi.

Mwenye fomu asiyoielewa na ailete chuoni Jumamosi baada ya Alasiri. Itajazwa faraghani, na jina lake halitatajwa popote, wala katika ukurasa huu.