Taa Mahali pa Msalaba



Wako Wakristo wanaodhani kwamba riwaya za kubuni kuhusu sayansi na nyakati zijazo ni burudani tu, wala hazina chakula cha roho. Sisi hatukubaliani nao. Ushahidi wetu ni kitabu cha Mmarekani Walter M. Miller, A Canticle for Leibowitz, kilichotolewa mwaka 1959, ambacho kwa Kifaransa chaitwa Un cantique pour Leibowitz.

Mwaka 1944, Miller akiwa askari wa ndege za vita, alishiriki katika kuibomoa kwa mabomu abasia ya Monte Cassino huko Italia, nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Mwaka 1947 aliingia Kanisa Katoliki. Riwaya yake inabeba alama ya magofu hayo.

Inasimulia hivi: vita vya atomiki vimeiteketeza dunia. Walionusurika, kwa hasira, wanawaua wataalamu na kuvichoma vitabu. Mhandisi Leibowitz anaanzisha shirika la watawa wa kuyaficha na kuyanakili maandishi, naye anauawa kwa ajili hiyo. Karne nyingi baadaye, jangwani, watawa wake wangali wakinakili wasiyoyafahamu. Bruda Francis anatumia miaka 15 kuupamba mchoro wa mitambo ya umeme. Hajui unaeleza nini. Ajualo ni kwamba amekabidhiwa.

Katika sehemu ya pili, Bruda Kornhoer anaunda taa ya umeme. Ili apate mahali pa kuitundika ndani ya maktaba, msalaba unaondolewa. Chini ya nuru hiyo msomi mashuhuri anapekua maandishi ya kale, na wakati uo huo maafisa waliomsindikiza wanazichora kuta za abasia kwa faida ya mtawala wao anayetayarisha vita.

Tuielewe ishara hii vema. Taa yenyewe si dhambi, kwani ni watawa walioiunda, tena kwa furaha. Kosa ni mahali ilipotundikwa. Wengine hukisoma kitabu hiki kama onyo kwamba elimu huleta maangamizi. Lakini wale waliovichoma vitabu hawakuwa watakatifu kuliko waliorusha mabomu, na mikono yao ilijaa damu vilevile. Mwandishi hatuchagulii ujinga. Anatuuliza elimu yetu inamtumikia nani.

Swali hilo latugusa sisi Wakongo kuliko wengi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Wazee wetu walilitoa jiwe ardhini bila kuambiwa linakwenda wapi wala litafanya nini. Hatuwezi kuwahukumu. Lakini kijana anayesoma leo jiolojia, uhandisi au kemia hana udhuru huo, kwa maana yeye anaweza kuuliza, na asipojibiwa anaweza kukataa. Kuuliza hivyo kwaweza kumgharimu kazi na mshahara. Tusiwafiche vijana wetu jambo hilo.

Sehemu ya tatu yaitwa Fiat voluntas tua, maneno tunayoyasali kila siku: utakalo lifanyike. Mabomu yanaanguka tena. Abati Zerchi anafukiwa chini ya mawe ya kanisa lake, akiwa na chombo cha Ekaristi Takatifu. Hata hivyo baadhi ya watawa wanaondoka kuelekea nyota nyingine, wakiyabeba maandishi yale yale. Hawakuyatupa, ingawa waliyajua matumizi yake mabaya. Pamoja nayo wanaibeba imani, na hilo ndilo tumaini la Miller: kwamba elimu isisafiri peke yake.

Kwa hiyo tunawasihi: someni kwa bidii, tena masomo yaliyo magumu. Msiogope maabara wala mitambo. Ila katika chumba mnachosomea, na zaidi katika dhamiri zenu, kila mmoja aangalie ni kitu gani alichokitundika ukutani, na ni kipi alichokiondoa ili kukipatia nafasi.