KIBAO CHA DUKA SI KOSA

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kibao kilicho juu ya mlango wa duka. Kinyozi wa Mangobo, fundi cherehani wa Kabondo, mama auzaye sombe na samaki huko Tshopo, wote wanataka jambo moja: mpita njia ajue kwamba hapa pana kazi, na mwenye kazi ni fulani. Je, jambo hilo ni la kuombewa ruhusa mara tatu na kulipiwa mara nne? Sisi twasema sivyo.

Mji wetu unajua uzito wa jina. Siku za ukoloni uliitwa Stanleyville, kwa jina la mgeni, na jina la Kisangani likawekwa rasmi 1966. Oktoba 1959, MNC ilipofanya mkutano wake hapa, risasi zikapigwa na Lumumba akakamatwa, watu walikuwa wakidai kuwa wenyewe katika nyumba yao. Na mwenye nyumba haombi msamaha kwa kuandika jina lake mlangoni.

Tena tulijifunza jambo la pili. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yachukuliwe. Vibao vikapata majina mapya, lakini muda si muda maduka mengi yakawa matupu. Hapo tuliona kwamba amri ya wakubwa haijengi biashara. Biashara hujengwa na mtu anayeamini kwamba kilicho chake leo kitakuwa chake kesho.

Kwa hiyo twaomba kanuni za vibao zitazamwe upya, nasi twaeleza tunalotaka.

Kwanza, jina la duka lisihesabiwe sawa na tangazo. Bango kubwa la bia au la simu kando ya barabara ni tangazo, na kampuni yake ina uwezo wa kulipa. Kibao cha ubao kwenye ukuta wa mwenyewe ni anwani tu. Hata Ufaransa wametenga mambo haya mawili: huko, vibao vya duka ambavyo jumla ya ukubwa wake haizidi mita 7 za mraba havilipiwi ushuru wa vibao, isipokuwa baraza la mji likate shauri vingine. Ikiwa tajiri amemsamehe mwenye duka dogo, sisi twamkamua kwa nini?

Pili, malipo yawe mamoja, mahali pamoja, kwa risiti moja, na bei ibandikwe mlangoni pa komine ili kila mtu aione. Sheria ya tarehe 13 Machi 2018 imeweka orodha ya kodi na ushuru wa majimbo na komine. Orodha iliwekwa ili isomwe, na asiyeonyesha risiti asipewe faranga.

Tatu, mtu aandike kwa lugha ya wanunuzi wake. Katiba ya 2006 imetaja Kiswahili na Lingala kuwa lugha za taifa, pamoja na Kikongo na Tshiluba. Haifai fomu ya kuomba kibao iwe kwa Kifaransa peke yake.

Nne, kibao kisiondolewe bila onyo la maandishi na siku 30 za kukirekebisha.

Wakuu watauliza: mji utapata wapi fedha? Swali hilo ni la haki, maana barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini duka linaloonekana hupata wanunuzi, na lenye wanunuzi hulipa patenti yake. Wengine watasema chema chajiuza. Ni kweli, lakini mgeni aliyevuka mto kutoka Lubunga atakinunuaje chema asichojua kilipo?

Nasi wafanya biashara tuna makosa yetu, tusiyafiche. Kuna vibao vilivyosimamishwa njiani hata toleka na watoto wa shule hawana pa kupita. Vingine vimefungwa kwa waya mbovu, vikingoja upepo wa mvua vimwangukie mtu. Hapo mji una haki ya kukataza, nasi tutausaidia. Uhuru wa kuandika jina lako haukupi ruhusa ya kumziba jirani.

Ndugu wananchi, Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa kwa kura. Waendeeni. Waulizeni bei ya kibao ni kiasi gani, imeandikwa wapi, na fedha zake zimefanya kazi gani. Msiende kwa matusi wala kwa mawe. Nendeni wengi, na risiti zenu mkononi. Anayewauliza kodi hawezi kukasirika mkimwuliza hesabu.