Klarineti Ikipasuka, Mti Hauna Makosa

Watu wa bendi wana neno lao ambalo hunikera kila nilisikiapo: ati klarineti ya mbao haifai kupelekwa Garissa, itapasuka tu, basi heri plastiki. Na ikisha kupasuka hufungiwa stoo, ikafunikwa na vumbi. Wako watakaoniuliza kwanza hukumu ya ala zenyewe. Hilo nawaachia masheikh. Mimi leo nasema ubao.

Wasemao hivyo wanausingizia mti. Klarineti nzuri za mbao huchongwa kwa mpingo, mti wetu huu huu, ambao wingi wake hukatwa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ubao wake ukiutia majini huzama. Mti hukawia miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa. Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kutunza vyema misitu yao. Mpingo hupelekwa Ulaya, hukaushwa taratibu, huchongwa, kisha hurejea kwetu kwa bei ya kutoa machozi. Halafu sisi tuutupe kwa ajili ya ufa wa urefu wa kidole!

Tazama linalotokea. Klarineti imekaa Mombasa, ubao umeshiba unyevu wa bahari. Inapandishwa basi, Malindi, Garsen, Hola, mpaka mtaa wa Waberi mjini Garissa, ambako kiangazi hewa ni kavu kweli kweli. Ubao hunywea. Dalili ya kwanza si ufa, ni zile pete za chuma kwenye maungio: zikilegea na kuchezacheza, jua ubao umenywea. Mtu akiiona dalili hiyo naye akaendelea kupuliza saa mbili mfululizo, huyo ndiye mpasuaji. Pumzi ina joto na maji. Ndani ubao hufura, nje ungali mkavu, basi sehemu ya nje huvutwa hata ikaachia. Mara nyingi ni kipande cha juu, na ufa hupenda kupita penye matundu.

Kinga yake haina gharama. Sanduku lisiwekwe juani wala juu ya paa la basi. Ndani yake kitiwe kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyolowa kisha ikakamuliwa sana. Klarineti mpya ipulizwe dakika 15 au 20 kwa siku, majuma ya mwanzo, na kila baada ya kupuliza ipitishwe kitambaa ndani hata ikauke. Wasomali hawahitaji kufunzwa nami mambo ya ubao katika jua lile. Wao huchonga kwa mbao kengele za ngamia, waziitazo koor. Lakini asije mtu akatia samli ndani ya klarineti, itavunda. Matone machache ya mafuta ya lozi yatosha, nayo yasiguse vile vifuniko laini vya matundu.

Na ufa ukitokea? Acha kupuliza siku hiyo hiyo. Tia alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, upate kujua kama unaendelea. Usiupake mafuta, kwani gundi haitashika. Ufa mwembamba kama unywele hujazwa gundi nyepesi ya kukauka upesi pamoja na unga wa mpingo, kisha husuguliwa hata usiuone. Ulio mrefu hufungwa kwa vijiti vya chuma vyenye hesi, vinavyopitishwa kukata ufa, au kwa pete ya chuma. Klarineti iliyotengenezwa hivyo hulia miaka mingi.

Plastiki siikatai. Ina mahala pake kwa mtoto anayeanza na kwa bendi ya kutembea juani. Ninalolikataa ni shule yenye klarineti moja ya mbao kuiweka stoo, na mwanafunzi aliyekuwa akiitazamia Tamasha la Muziki akaambiwa apige makofi, kwa kuwa hakuna fundi. Fundi ataka kutoka wapi, nasi hatumfunzi? Lamu kuna wachonga milango waujuao mkondo wa ubao kwa ncha ya kidole. Hesi zauzwa katika maduka ya vyuma. Na unga wa mpingo, wachonga vinyago huufagia wakautupa.