Usiung'oe kabla ya kuupapasa

Mimi naishi Lushoto, jirani na misitu ya Shume, na kila baada ya masika uani kwangu huota vimiche ambavyo sikuvipanda. Kuutambua msindano hakunisumbui. Mbegu yake ina ubawa na huletwa na upepo. Mche mchanga hutoa vijani vyembamba vilivyojipanga duara kama mwavuli mdogo, na baadaye sindano hutoka kwa mafungu. Ule uliotoka Meksiko, Pinus patula, kwa kawaida huwa na sindano tatu kila fungu.

Kazi ipo katika kutofautisha msaipresi na mtarakwa wetu wa asili, Juniperus procera. Ikiwa michanga, yote miwili ina majani membamba yaliyochongoka, wala hayajawa magamba. Papasa kwa kiganja: ya mtarakwa huchoma, ya msaipresi ni laini zaidi. Kisha tazama ulipoota. Matunda ya mtarakwa ni ya nyama na ndege huyala, hivyo mara nyingi mche hujitokeza chini ya ua au tawi wanapotua.

Ndugu zangu wa pwani, mvinje haumo kabisa katika jamii ya miti hii mitatu, ingawa unafanana nayo.

Mtarakwa hukua polepole sana. Ukiukuta uani, tafadhali uwekee uzio mbuzi wasiufikie.