Nyumba Bora: Tengeneza Nyumba Kabla ya Mvua



Mwezi wa Septemba jua ni kali na udongo ni mkavu. Lakini huku kwetu Kigoma mvua kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba. Mara nyingi huja ghafula, pamoja na upepo mkali. Je, nyumba yako iko tayari?

Wengi wetu, mjini Ujiji na katika vijiji vya kando ya ziwa, tumejenga kwa matofali ya udongo. Tofali bichi likiwa kavu lina nguvu. Likilowa linageuka tope. Maji ya paa yanapoanguka yanachimba ardhi na kula ukuta kwa chini. Kisha usiku mmoja ukuta unaanguka, na watoto wamelala ndani.

Maji hayo ni mengi kiasi gani? Chukua paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 25, paa hilo litamwaga lita 1,200. Hayo ni mapipa 6 ya lita 200. Yote yanaanguka karibu na kuta zako.

Basi fanya kazi hizi mapema:

1. Kagua paa. Nyasi zilizooza ziondoe, uezeke upya. Kama ni bati, ng'oa misumari iliyolegea na upigilie mingine. Usitegemee mawe kuzuia bati. Upepo ukilinyanyua bati, jiwe litamwangukia mtu. Funga miti ya paa kwa waya imara.

2. Tazama upenu. Ukiwa mfupi, mvua inapiga ukuta. Uongeze ufike kama sentimita 60.

3. Ziba nyufa na ukandike ukuta. Changanya udongo, mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Fanya hivyo sasa, maana udongo unahitaji jua ili ukauke.

4. Chimba mfereji. Nyumba zetu nyingi ziko kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Chimba upande wa juu, mbali kidogo na ukuta. Maji yapite pembeni, lakini usiyapeleke kwa jirani.

5. Kata matawi makavu ya mwembe na makuti makavu ya mchikichi yaliyo juu ya nyumba.

Kazi hizi hazitaki fedha nyingi. Zinataka jembe, panga na nyundo, pamoja na mikono ya watu wa nyumbani. Mzee au mjane asiye na nguvu asaidiwe na majirani.

Ukiona ufa unapanuka au ukuta umeinama, usilale humo. Toa watoto kwanza. Vyombo vitafuata.

Wazee walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu, leo zunguka nyumba yako mara moja. Tazama chini, kisha tazama juu. Halafu chukua jembe.