"Tulikutumia imeli" si jibu

Mdogo wangu wa kike alimaliza masomo ya kilimo hapa Butembo, akakaa karibu miaka miwili akipeleka dosye huku na huku. Mwaka huu shirika moja lilitangaza nafasi ya kazi. Akajaza fomu kwenye tovuti yao, akaona maandishi ya kijani yakisema kwamba ombi limepokelewa na kwamba atajulishwa kwa barua pepe. Akangoja. Kila jioni, kama mega zilibaki kidogo, alifungua simu, akatazama, akaifunga.

Juma la tano akaenda mwenyewe kwenye ofisi. Sekretere alitazama kompyuta yake, akamwambia kwa upole: "Lakini dada, tulikutumia imeli. Uliitwa kwenye testi, hukuja. Nafasi imepata mtu."

Alirudi nyumbani, akanipa simu. "Yaya, tafuta wewe." Sikutafuta sana. Ujumbe ulikuwa ndani ya spamu, siku ya 19 tangu uingie humo, haujafunguliwa. Zilibaki siku 11 ufutike wenyewe, maana Gmail hufuta vilivyomo ndani ya spamu baada ya siku 30. Angechelewa kwenda ofisini juma mbili zaidi, tungesema hawakutuma kitu, na wao wangesema walituma, na hakuna ambaye angejua ukweli.

Naandika basi kama ndugu wa mtu aliyeumia, msomaji anipime kwa hilo. Lakini tangu nianze kuuliza, nimesikia habari hii hii kwa watu wengi mno: mwalimu aliyekosa mafunzo, mwanafunzi aliyekosa bursa, mama wa ushirika aliyeombwa karatasi moja ya kukamilisha dosye na hakuiona ile barua. Kila mara jibu la ofisi ni lile lile: tulikutumia imeli. Kana kwamba kutuma na kufika ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja, na kila mtu wa hapa anajua. Ukitaka kutuma bahasha Beni, unampa shofa. Halafu unafanya nini? Unampigia simu ndugu yako: "Nimekutumia bahasha, gari ni nyeupe, shofa ana kofia nyekundu, nenda parking saa kumi." Hakuna mtu mwenye akili anayempa shofa bahasha ya maana kisha akanyamaza. Kwa imeli tumeacha akili hiyo, kwa sababu tu kitu chenyewe kinakwenda haraka na kinatoka ndani ya kompyuta.

Nilimuuliza yule sekretere kwa simu kama walihakikisha ujumbe umefika. Akasema: "Haukurudi, kwa hiyo ulifika." Hapo ndipo kosa lilipo, na si lake peke yake. Mashine inayotuma imeli inaiita mashine inayopokea, zinasalimiana, moja inakabidhi, nyingine inajibu kwa namba 250, maana yake "nimepokea". Basi. Namba hiyo haisemi ujumbe umewekwa wapi baada ya mlango. Unaweza kuwa kwenye sanduku la mbele, unaweza kuwa kwenye kichupo cha matangazo, unaweza kuwa ndani ya spamu ambamo simu hailii hata kidogo. Kwa mtumaji yote matatu yanaonekana sawa: haukurudi.

Kanuni za kazi hiyo ziliandikwa mwaka 1982, na Jon Postel, wakati mtandao ulikuwa wa watu wachache waliojuana. Hazikuuliza kama jina lililoandikwa juu ya bahasha ni la kweli. Mtu yeyote aliweza kuandika jina la yeyote. Wezi waliliona hilo, na tangu hapo makampuni ya imeli yamekuwa yakiongeza walinzi mlangoni. Leo walinzi wakubwa ni watatu. Wa kwanza, SPF, ni orodha fupi ambayo mwenye jina la tovuti anaiweka hadharani, akitaja mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Wa pili, DKIM, ni muhuri unaopigwa juu ya kila ujumbe. Wa tatu, DMARC, ni agizo la mwenye jina: kama barua haina muhuri wangu wala haikutoka kwenye mashine zangu, ifanyeni hivi.

Tangu mwezi wa pili 2024, Google na Yahoo wamekaza mlango zaidi. Anayetuma kwa watu wa Gmail, hata akiwa mdogo, anadaiwa kuwa na SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya 5000 kwa siku anadaiwa yote matatu, na malalamiko ya spamu juu yake yasifike 0.3 kwa mia. Imeli isiyotimiza inaweza kutupwa ndani ya spamu, au kukataliwa kabisa. Hiyo ni sheria ya mwenye nyumba, si ya Butembo wala ya Kinshasa, lakini kwa kuwa karibu kila kijana ninayemjua hapa ana anwani ya Gmail, inatuhusu moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa mdogo wangu. Niliufungua kwenye kompyuta, nikabonyeza vidoti vitatu pembeni, kisha "Afficher l'original". Kwenye simu huwezi kuona hilo. Ni lazima kompyuta. Ukurasa unaofunguka una maandishi mengi ya kutisha, lakini juu kabisa kuna mistari michache inayosomeka. Kwenye SPF iliandikwa SOFTFAIL. Mstari wa DKIM haukuwepo. Maana yake: mashine iliyotuma haikuwa kwenye orodha ya shirika, na haikupiga muhuri. Mbele ya mlinzi, shirika lenyewe lilifanana na mwizi aliyejitia jina lake.

Nilitafuta sababu, na ilikuwa ya kawaida sana. Imeli za wafanyakazi wa shirika zinapita kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, na kampuni hiyo imo kwenye orodha. Ndiyo maana sekretere akimwandikia mkubwa wake, barua inafika vizuri, na kila mtu ofisini anaamini imeli zao ni nzima. Lakini tovuti yao inakaa kwingine, kwenye mashine ya kukodi yenye tovuti za watu wengi, na fomu ya kazi inatuma ujumbe wake kutoka huko. Fundi aliyeijenga hakuongeza mashine hiyo kwenye orodha. Ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa fundi anayejua, ni kazi ya dakika chache, halafu kungoja saa kadhaa mabadiliko yaenee. Kwa sababu ya mstari huo, wote walioomba kazi na kutumiwa ujumbe na fomu ile walikuwa kwenye hatari moja na mdogo wangu. Waliofika kwenye testi labda ni wale wenye tabia ya kuchungulia spamu, na sidhani shirika lilikuwa linatafuta sifa hiyo kwa mtaalamu wa kilimo.

Kuna makosa mengine ya upande wa watumaji. Tovuti nyingine zinatuma ujumbe zikiweka anwani ya mwombaji mwenyewe kama mtumaji. Tangu mwezi wa nne 2014, Yahoo iliagiza barua yoyote inayodai kutoka kwake bila kutoka kwake ikataliwe, kwa hiyo mwombaji mwenye anwani ya Yahoo anapotea hapo hapo, wala ofisi haimwoni. Na ile mashine ya kukodi: kama jirani yako humo ndani anatuma matangazo ya uongo, anwani ya mashine inaingia kwenye orodha nyeusi, na wewe unalipia dhambi yake.

Sisi tunaopokea pia hatuko safi, tuseme ukweli. Wengi wetu anwani zetu zilifunguliwa na kijana wa sibercafe, siku ya haraka, kwa namba yake ya simu. Nenosiri analijua yeye. Wengine waliandikiwa anwani yenye herufi moja mbovu kwenye fomu, na hawakuisoma tena kabla ya kubonyeza. Wengine sanduku limejaa: Gmail inatoa giga 15 bure, lakini ndani yake zinahesabiwa pia picha na mafaili unayoweka kwa Google, na zikijaa, imeli mpya hazipokelewi. Simu nyingi za bei nafuu zinalaza programu ili kulinda betri, kwa hiyo hazilii mpaka uifungue programu mwenyewe. Na mega zikiisha, zimeisha.

Kwa hiyo ukiwa unangoja jibu la maana, usingoje simu ilie. Fungua spamu mara moja kwa juma, fungua na kichupo cha matangazo. Tafuta jina la shirika kwenye kisanduku cha kutafutia. Lakini ujue kwamba utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii ndani ya spamu, ni lazima uende huko mwenyewe. Ukikuta ujumbe wao, bonyeza kwamba si spamu, na uwajibu hata neno moja, mashine inajifunza. Weka anwani yao kwenye majina yako tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari, sikuwa nimemfundisha mdogo wangu hata moja kati ya haya.

Lakini sikubali ofisi zichukue udhaifu wetu huo na kuufanya kinga. Nimeambiwa: "Waombaji ni mia kadhaa, hatuwezi kumpigia kila mmoja." Hakuna aliyeomba hivyo. Wanaoitwa kwenye testi ni kumi, labda kumi na tano. SMS kumi na tano si bajeti ya kujadili kwenye mkutano. Namba ya simu waliiomba wenyewe kwenye fomu, wakaiwekea alama kwamba ni ya lazima, kisha hawakuitumia. Nimeambiwa pia kwamba kijana wa leo lazima afuate imeli yake. Sawa. Na shirika la leo lazima lijue kama imeli zake zinafika. Kuhakikisha ni rahisi: mfanyakazi mmoja afungue anwani ya Gmail, ajaze fomu ya shirika lake kama mwombaji, atazame ujumbe unaangukia wapi.

Kuna na karatasi. Chuoni tulizoea kusoma majina kwenye valve, na tulichoka kusukumana pale, ni kweli. Lakini karatasi ile haikuwa na spamu. Mwisho wa mwaka 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini karibu majuma matatu, na SMS pia zikazimwa. Aliyekuwa na siku ya mwisho ya kujibu ndani ya majuma hayo alipaswa kufanya nini? Orodha ya namba za dosye iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi, bila majina kama wanaogopa siri, ingemfikia hata siku hizo, kupitia shemeji anayepita njia ile.

Hili linazidi kuwa zito. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na ofisi nyingi, za serikali na za binafsi, zinahamisha kazi zake kwenye fomu za mtandao. Mimi siwapingi. Fomu ya mtandao imemwokoa mtu wa Lubero au Manguredjipa na safari ya barabara mbovu kuleta dosye mkononi. Ninachotaka ni kitu kidogo: pale ambapo kuna siku ya mwisho na mtu atapoteza haki yake, imeli peke yake isihesabiwe kuwa taarifa. Na kama mwombaji ataonyesha, kwa ukurasa ule wa "Afficher l'original", kwamba kosa ni la mashine ya mtumaji, apewe siku nyingine. Shirika lililomkosesha mdogo wangu limesema haliwezi, kwa kuwa mkataba umeshasainiwa na mtu mwingine. Nalielewa. Huyo mwingine hana kosa.

Niliwaandikia, kwa lugha ya heshima, nikiwaeleza mstari unaokosekana na mahali pa kuuweka. Ile orodha ya SPF iko hadharani, mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Asubuhi hii, kabla ya kutuma makala haya, nimeiangalia tena. Bado ni ile ile, na kwenye tovuti yao kuna tangazo jipya la kazi, maombi yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi, majibu kwa barua pepe.